Kuta za Bahari za Manda
Katika funguvisiwa la Lamu, ukingo wa pwani ulio kando ya magofu ya mji wa kale wa Manda si jabali la asili peke yake, kwani wenyeji wa karne ya 9 na ya 10 walipanga hapo vipande vikubwa vya matumbawe, vingine vikikadiriwa kufikia uzito wa tani moja, wakajaza kifusi nyuma yake na kujiongezea ardhi kutoka baharini. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba mji huo mwaka 1966, alizieleza kuta hizo kwa kina, ingawa sifa za vitabuni, pengine bila haki, zimeuelemea mji mwingine wa kale, Kilwa. Adui wa kuta za namna hii ni maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambayo huchota mchanga na kifusi kilicho chini ya mawe hadi mawe yenyewe yakakosa pa kukalia yakaporomoka. Kwa hiyo ardhi ya ukingoni huweza kuonekana imara juu ilhali chini ni tupu, na mpitaji mwenye busara hufuata njia ya ndani, hata kama ina miiba.