Yoga ya polepole ilikotoka

Ukitaja yoga, wengi hufikiri ni kitu cha kale kilichotufikia kutoka India bila kubadilika. Lakini ile ya polepole, ya kulegeza mwili na kubaki katika mkao mmoja dakika tatu hadi tano, ni changa kuliko hata jina rasmi la mji wetu. Jadotville ilipewa jina la Likasi mwaka 1966, na yoga hiyo ilianza kufundishwa California mwishoni mwa miaka ya 1970.

Aliyeianzisha, Paulie Zink, hakuwa mtawa. Alikuwa Mmarekani mpiganaji wa kung fu, mwanafunzi wa Cho Chat Ling wa Hong Kong, na alichanganya yoga na mazoezi ya Kitao ya China. Mwaka 1989 Paul Grilley alimwona kwenye televisheni, akashangazwa na ulaini wa viungo vyake, akamtafuta ili amfundishe. Grilley alikuwa amesomea maumbile ya mwili, naye akaeleza jinsi mkao wa muda mrefu unavyovuta taratibu kano na utando unaozunguka viungo, ambavyo havinyumbuki haraka kama misuli. Jina la yoga hii, yoga ya yin, lilitokana na pendekezo la mwalimu mwenzake, Sarah Powers.

Wapo wanaosema huu ni mtindo tu wa Wazungu. Siwaungi mkono. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha India cha karne ya 15, kinaeleza mikao 15 tu, na mingi ni ya kukaa. Yoga ya kurukaruka na kutoa jasho ndiyo ilipata nguvu baadaye sana, miaka ya 1930, Krishnamacharya alipokuwa akifundisha katika jumba la mfalme wa Mysore. Kwa utulivu wake, hii changa imesogea karibu na wazee.

Chukua mkao wa kipepeo. Unakaa chini, unakutanisha nyayo mbali kidogo na mwili, unaacha magoti yaanguke pembeni, kisha unainama mbele na kuuacha mgongo upinde. Hujivuti kwa nguvu. Dakika ya kwanza nyonga hukataa. Ya tatu, pumzi ikishatulia, huanza kuachia. Maumivu yakichoma, unatoka.

Kwetu mkao kama huu una maana yake. Tangu kampuni ya madini ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, Katanga imejengwa kwa migongo ya watu: mashimoni, katika viwanda vya Shituru hapa Likasi, na leo chini ya mifuko ya wachimbaji wadogo. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka kazini kwa mpango wa départ volontaire, yaani kuondoka kwa hiari. Wengi walirudi nyumbani na miili iliyochoka, na mafao waliyopewa hayakuhusu magoti wala viuno.

Je, yoga inaweza kuwafikia? Nairobi imeonyesha kwamba yoga inaweza kutoka hotelini ikaingia mitaani. Africa Yoga Project, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Paige Elenson, imefundisha vijana wa mitaa ya kawaida wakawa walimu wa wenzao. Yao ni ya kasi na jasho, na inawafaa. Mzee wa mtaa wa Shituru au wa Panda anahitaji hii nyingine, na anayemfundisha awe kijana wa mtaa wake, anayeongea Kiswahili chake na anayejua alibeba nini miaka yote hiyo.