Mkataba Ukivunjwa: Kabla Hujakimbilia Kortini

Mwaka juzi nilikuwa nikipeleka samaki katika hoteli moja hapa Pwani. Jina silitaji. Mkataba wetu ulikuwa wa kurasa mbili: nguru na changu kwa kilo, malipo siku 30 baada ya ankara. Miezi ya mwanzo walilipa vizuri, kisha wakanyamaza. Deni lilipofika shilingi 640,000, meneja akaniambia kilo zilipungua na samaki wengine walifika wameanza kulegea. Wakati huo mimi nadaiwa na wavuvi, na mvuvi hapokei maelezo.

Nilitaka kufungua kesi siku iyo hiyo. Kaka yangu, aliyewahi kuwa karani, akanizuia: "Soma mkataba kwanza, mdogo wangu." Kifungu cha mwisho, nilichotia sahihi bila kukisoma, kilisema mzozo wowote uende kwanza kwa upatanishi, kisha usuluhishi. Ningeshtaki, hoteli ingeweza kuiomba mahakama isimamishe kesi kwa mujibu wa Sheria ya Usuluhishi ya 1995, nami ningerudi mwanzo nikiwa na gharama juu.

Wengi huyachanganya maneno haya mawili. Msuluhishi ni kama hakimu mliyemchagua na kumlipa wenyewe: anasikiliza, anaamua, na uamuzi wake unawafunga. Asiyeridhika ana miezi 3 ya kuiomba Mahakama Kuu iubatilishe, tena kwa sababu chache mno. Mpatanishi haamui lolote. Kazi yake ni kuwafikisha mahali pa kukubaliana, na yeyote anaweza kuondoka. Ibara ya 159 ya Katiba inazitambua njia zote mbili, pamoja na za wazee wa jadi. Kwa deni kama langu niliona ada ya msuluhishi ingekula samaki na mifupa yake, kwa hivyo nikaomba Mungu upatanishi ufaulu.

Tulimkubali mhasibu mmoja mstaafu, ada tukagawana. Nilifika na kila karatasi: oda, ankara, vijikaratasi vya kupokea mzigo vyenye sahihi ya mtu wa storo, hata jumbe za simu. Mzee alituketisha pamoja, halafu akamsikiliza kila mmoja peke yake. Hapo ndipo ukweli ulipojitokeza, na haukunipendeza wote. Mimi nilikuwa napima bandarini samaki wakiwa na barafu; wao wanapima jikoni barafu ikishayeyuka. Baadhi ya kilo nilizodai zilikuwa maji. Meneja naye alikiri kwamba shida kubwa ilikuwa wageni kupungua, si samaki kulegea.

Tulikubaliana 590,000, awamu tano za 118,000. Mzee hakuturuhusu kuondoka kwa kupeana mikono tu. Tuliandika tarehe ya kila awamu, na kwamba moja ikikosekana salio lote linadaiwa papo hapo. Karatasi ya namna hiyo ndiyo unayoweza kwenda nayo Mahakama ya Madai Madogo, inayoshughulikia madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili.

Jihadhari na jambo moja. Madai ya mkataba yana muda wa miaka 6, na mazungumzo hayausimamishi. Anayekuambia "njoo Jumatatu" mwaka baada ya mwaka huenda anahesabu. Lakini akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, au akilipa sehemu, muda huanza upya. Ndiyo maana hata malipo madogo ya M-Pesa yahifadhiwe.

Awamu ya tatu ilichelewa siku nne. Nilimtumia meneja picha ya ukurasa ule, bila neno la ziada, na pesa zikaingia kabla ya adhuhuri. Bado nawauzia. Siku hizi tunapima mara moja, mlangoni kwa storo, barafu ikiwa imetolewa.