Tarihi ya Masisi na Safari za Wanafunzi Wake

Msafiri atokaye Goma, mashariki ya Kongo, kwa njia ya magharibi, akiisha kupita Sake na kuanza kuuandama ufuo wa Ziwa Kivu kwenda Minova, hufika Shasha, kijiji kilichokaa baina ya maji na miinuko ya Masisi, katika nchi ya Mwami, yaani mtawala, wa Wahunde. Nyuma ya kijiji milima hupanda hadi kwenye mashamba ya maharagwe na malisho ya ng'ombe, na kila kipande cha ardhi huko kina masimulizi yake: nani aliyefyeka msitu, nani aliyepewa, nani aliyenyang'anywa. Katika nchi ya namna hiyo elimu ya tarihi, nayo nakusudia ile ya daraja ya juu, ambayo mwanafunzi hatakiwi tena kukariri aliyofundishwa bali kupima ushahidi kwa nafsi yake, si pambo la chuo; watu wa vijijini wana haja nayo kama walivyo na haja ya kadhi mwadilifu.

Sababu yake ni hii. Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji iliunda ujumbe maalumu wa kuwahamisha watu kutoka Rwanda, na ulipokoma mwaka 1955 takriban watu 85,000 walikuwa wamekwisha kuvushwa, wengi wao wakiletwa Masisi. Serikali ilitaja msongamano wa watu na njaa ya Rwanda, nayo yalikuwa kweli. Walakini mashamba ya walowezi yalihitaji vibarua, na haja hiyo ilikuwa na uzito wake. Sehemu ya nchi ya Wahunde iitwayo Gishari ikatengwa na kupewa mtawala wa Kinyarwanda, kisha utawala huo ukafutwa mwaka 1957. Kila tendo katika hayo liliacha karatasi, yaani barua, ramani na taarifa za wakuu wa wilaya, na kila tendo liliacha maneno vinywani mwa watu. Uhuru ulipokuja, sehemu kubwa ya karatasi ilichukuliwa Brussels, na maneno yakabaki Masisi. Basi atakaye kusema kweli juu ya ardhi ile hana budi kuvifikia vyote viwili.

Njia ya kuvifikia haikuwa fupi kwa mwana wa Kivu. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na chuo cha serikali cha Élisabethville mwaka 1956, yaani miaka michache tu kabla ya uhuru. Mwaka 1971 vyuo vyote vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na masomo ya fasihi pamoja na tarihi yakahamishiwa Lubumbashi, ndiyo Élisabethville ya zamani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Goma, hata vyuo vilipotenganishwa tena mwaka 1981. Huko Lubumbashi mwanatarihi Bogumil Jewsiewicki na wenzake walijenga idara yenye bidii, iliyotoa jarida la Likundoli, wakawahimiza wanafunzi kukusanya habari za maisha ya watu wasiokuwa na cheo. Karibu na nyumbani palikuwapo chuo cha ualimu cha Bukavu, na wahadhiri wake wamefanya zaidi ya wengi kuiweka Kivu katika maandishi. Mpango ulikuwa miaka 3 ya graduati, miaka 2 ya lisansi, kisha diploma ya masomo ya juu, na ndipo udaktari. Wengi waliishia lisansi, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kukosa nauli, ada, na mwalimu wa kuwasimamia.

Kuhusu yale maneno ya vinywani, mwanatarihi Jan Vansina alikwisha kuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba masimulizi yaweza kuhojiwa kama hati inavyohojiwa: nani amesema, amepokea kwa nani, na ana faida gani kusema hivyo. Wasomi wa dini yetu ya Kiislamu, waliozichunguza sanadi, yaani minyororo ya wapokezi wa habari, karne nyingi kabla, wasingeliona jambo hilo kuwa geni. Huko Walikale, jirani ya Masisi, mfano wake umo katika utendi wa Mwindo wa watu wa Wanyanga, ambao mwimbaji Shekarisi Rureke aliuimba mwaka 1956, kwa muda wa siku 12, mbele ya watafiti Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mateene alikuwa Mnyanga mwenyewe, akiijua lugha ya mwimbaji, na bila ya sikio lake sidhani kama kitabu kilichotoka mwaka 1969 kingalikuwa na uaminifu ule.

Masisi nayo ilipata tasnifu yake ya udaktari mwaka 1990, ilipokubaliwa kazi ya Stanislas Bucyalimwe Mararo juu ya migogoro ya ardhi tangu mwaka 1920 hadi 1989. Lakini chuo kilichoikubali ni Indiana, Marekani. Miaka 3 baadaye, Machi 1993, watu waliuawa katika soko la Ntoto, Walikale, na mauaji yakaenea Masisi. Sidai kwamba tasnifu ingalilizuia panga. Lakini hoja ya nani mwenyeji na nani mgeni ilichochewa hadharani na watu ambao aghalabu hawakuwahi kuona hati moja, ilhali uchunguzi wa miaka mingi umelala katika maktaba ya ng'ambo kwa lugha ya Kiingereza. Wala tasnifu moja haitoshi: yahitaji kujibiwa na nyingine, za Wahunde, za Wanyanga, za Wanyarwanda wa Masisi wenyewe, zenye kupingana kwa adabu na kwa ithibati.

Goma sasa ina chuo kikuu chake, kilichoanza mwaka 1993 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani na kujitegemea tangu mwaka 2004. Vita vilifika Shasha mwaka 2024 na kuikata njia ya Minova, na mwanafunzi wa tarihi hawezi kungoja amani ikamilike. Naomba mambo mawili: nakala za hati za Masisi zilizoko Brussels ziwekwe Goma, zisomwe bila malipo, na mwanafunzi wa lisansi apewe nauli na kinasa sauti, kwa kuwa aliyevushwa na ujumbe ule mwaka 1950 akiwa mtoto wa miaka 7 amekwisha kupita 80, na mwenyeji aliyeona akifika, akiwa na umri kama huo, naye pia.