Kuku Pembeni mwa Skrini

Wasomi wa filamu wana hadithi moja ya zamani wanayopenda kuisimulia. Wakati wa ukoloni, ofisa wa afya alitengeneza filamu fupi, ya dakika kama tano, kuwafundisha wanakijiji wa Kiafrika jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba ili mbu wasizaliane. Kila jambo lilionyeshwa polepole, hatua kwa hatua. Ilipokwisha, watazamaji wakaulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wamemwona kuku. Wenye filamu wakashangaa, maana hawakujua kuna kuku. Ikabidi waikague filamu yao picha kwa picha, na kumbe kuku alikuwapo kweli, kapita pembeni kwa sekunde moja hivi.

Hadithi hiyo ilitolewa na John Wilson, na Marshall McLuhan akaitia katika kitabu chake cha 1962, kama ushahidi kwamba mtu asiyejua kusoma hajui kuitazama picha yote kwa pamoja. Mimi huisoma kinyume. Wale watu walikuwa wamepewa filamu mbovu. Haikuwa na kisa, haikuwa na mtu wa kumwonea huruma, na adui wake alikuwa mbu. Kitu kimoja tu ndani yake kilikwenda kwa hiari yake, nacho ni kuku. Waliulizwa wameona nini, wakasema. Kama wangeulizwa ilikuwaje, nadhani jibu lingekuwa fupi zaidi.

Lakini maoni ya mtazamaji hayakuwa shughuli ya wakubwa wa siku hizo. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za mafunzo uliokuwa na kituo Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ulisafirisha filamu zake kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Mwaka 1939 Uingereza ikaanzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na William Sellers aliyekiongoza aliamini kwamba Mwafrika anahitaji filamu za mwendo wa pole, zisizo na ufundi wa kuchanganya. Filamu za majambazi na bastola ndizo zilizotiwa makasi, kwa hofu kwamba mtazamaji akitoka nje atafanya alichokiona. Kwa hiyo mtu mmoja alihesabiwa mjinga asiyeelewa picha, na papo hapo mwanafunzi hodari wa kuiga ujambazi!

Kanda za video zilipofika, mambo yakageuka. Kibanda nilichokulia kilikuwa cha mabati, mabenchi ya mbao, runinga moja na deki juu ya meza. Pale zilipita picha za bei rahisi za miaka ya themanini, nyingi za kampuni ya Cannon ya akina Golan na Globus, waliomtoa Chuck Norris katika Missing in Action mwaka 1984 na kutuletea American Ninja mwaka uliofuata. Hatukujua bajeti ni nini. Tulichojua ni kwamba tumelipa. Staa akianza kuongea sana, kelele zilianza: "Peleka mbele!" Jambazi akipiga risasi hamsini bila kujaza bunduki, mtu wa nyuma alikuwa akihesabu kwa sauti. Na adui mkubwa akifa kizembe, kwa ngumi moja tu, hapo ilikuwa matata. "Rudisha pesa yetu, bana!"

Ndipo wakaja wasimulizi, na kazi yao ilitokana na kelele hizo hizo. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Uganda ina ma-VJ wake, na kwetu DJ Afro. Watu husema wanatafsiri, lakini msikilize DJ Afro vizuri. Filamu ikipoa, yeye huipasha moto. Mhusika asiye na jina hupewa jina, na staa akifanya upumbavu hutukanwa kwa niaba yetu. Yule ni mtazamaji wa benchi la nyuma aliyepewa maikrofoni.

Filamu ninayoikumbuka kila nikifikiria haya ni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali ili apate riziki, na ambaye utotoni alisimuliwa filamu na kaka zake. Makomando wanapambana na genge la Tiger Mafia. Gharama inayotajwa ni chini ya dola 200 za Marekani. Kompyuta aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya kuokoteza, na waigizaji walitembeza DVD nyumba kwa nyumba. Nakala ya kwanza imepotea. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Yaani leo huwezi kuiona filamu hiyo bila kusikia maoni ya mtazamaji.

Ilipoenea kwenye intaneti, watu wa ng'ambo waliipenda kwa kicheko: ni mbovu hadi inapendeza, walisema. Sikatai, nami nilicheka. Ila kicheko hicho husamehe kila kitu kabla hakijakosewa. Jina la filamu linauliza nani alimuua Kapteni Alex, na filamu inakwisha bila kutuambia. Kwenye kibanda chetu hilo lingekuwa kosa la kwanza kutajwa, kabla ya helikopta ya kompyuta na damu ya bandia. Helikopta inataka pesa. Kumtaja muuaji ni bure.

Nalisema hili kwa sababu nasi tuna msamaha wetu. Mtu akitoka kuona filamu ya Kenya ya polisi na majambazi, taa hafifu, kisa kimekatika katikati, ukimuuliza ilikuwaje atakwambia, "Wamejaribu." Neno hilo lina adabu, na hakuna anayelikasirikia. Lakini husemwa kwa mtoto aliyeanguka mtihani, na mwenye filamu akilizoea atatengeneza nyingine vile vile. Hatukumwambia Chuck Norris kwamba amejaribu. Tulimdai.

Najua ugumu wa kupiga picha mitaani bila kibali na bila chakula cha waigizaji, na sitaki mtu achekwe kwa umaskini wake. Ninachotaka ni lile benchi la nyuma lirudi, lihesabu risasi, liulize kwa nini dada wa jambazi alipotea baada ya nusu saa. Na likimwona kuku aliyepita pembeni, limtaje, maana huenda yeye ndiye aliyeigiza vizuri kuliko wote.