Kesi ya zamani Kongo: je, bado inaweza kukufuata?

Wakongo wengi waishio Bujumbura waliacha nyumbani karatasi ya wito wa polisi: ugomvi wa jirani, matusi sokoni, tuhuma ya wizi. Kabla ya kufikiria kurudi, au kwenda kwenye mahojiano ya hifadhi, ni vizuri kujua kama kesi hiyo bado ina uhai.

Kifungu cha 24 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo kinaweka kikomo cha kushtaki. Kosa lenye adhabu ya faini tu, au kifungo kisichozidi mwaka 1, linakufa baada ya mwaka 1. Kama kifungo cha juu hakizidi miaka 5, muda ni miaka 3. Zaidi ya hapo ni miaka 10. Kwa hiyo matusi ya hadharani yako kwenye mwaka 1, na vilevile kumpiga mtu bila kupanga na bila kumuumiza vibaya. Wizi wa kawaida ni miaka 3. Mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita havina kikomo.

Muda huhesabiwa tangu siku ya kosa, si siku uliyoitwa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hatua rasmi ya uchunguzi huanzisha hesabu upya. Tuseme wizi unadaiwa kufanyika Machi 2019, na parke ikahoji mashahidi Januari 2021: kesi inaishi hadi Januari 2024. Lakini hatua iliyochukuliwa baada ya Machi 2022 haiongezi kitu.

Kama ulishahukumiwa, hata bila kuwepo, hesabu ni nyingine. Na deni hubaki deni: mwenye mali anaweza bado kukudai mbele ya mahakama ya madai.

Kuhusu hifadhi, Mkataba wa 1951 unamnyima ukimbizi aliyetenda kosa kubwa lisilo la kisiasa kabla ya kukimbia. Ugomvi wa sokoni si kosa la namna hiyo. Waeleze ONPRA ukweli; kuficha jambo dogo kunaweza kuwafanya watilie shaka hata yale makubwa uliyosema kweli.

Usimtume ndugu Uvira na pesa ili "afute faili". Anaweza kuamsha kesi iliyolala, na kuonyesha mahali ulipo. Muone wakili kwanza, ukiwa na karatasi zote, hata zilizochanika. Tarehe zilizo juu yake ndizo atakazoanza nazo kuhesabu.