Asilimia Tatu: Historia ya Mgao wa Ajira kwa Watu Wenye Ulemavu

Mgao wa ajira, yaani sharti la kisheria linalomtaka mwajiri atenge sehemu fulani ya nafasi zake kwa watu wenye ulemavu, una asili yake katika vita. Mwaka 1919 Uingereza ilianzisha mpango wa hiari ulioorodhesha waajiri waliokubali kuwa asilimia 5 ya wafanyakazi wao wawe askari waliopata ulemavu vitani. Aliyepoteza mguu kiwandani au aliyezaliwa haoni hakuhusika, kwa kuwa kazi hiyo ilihesabiwa kuwa shukrani kwa askari wala si haki ya kila raia.

Sheria ya mwaka 1944 ilivuka mpaka huo: iliwajumuisha wote waliojiandikisha bila kujali chanzo cha ulemavu wao, na ikamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atimize kiwango cha asilimia 3. Hata hivyo, serikali ilipotumia mamlaka yake ya kutenga kazi maalumu kwa ajili ya watu hao, zilitengwa kazi mbili tu, nazo ni kuendesha lifti ya abiria na kuhudumu katika maegesho ya magari. Mwenye ulemavu alikaribishwa ndani ya jengo, lakini ili awapandishe wengine kwenda ofisini mwao. Waajiri wengi walikipuuza kiwango hicho, walioshtakiwa wakawa wachache mno, na sheria ya mwaka 1995 ikaufuta mgao wenyewe.

Tanzania ilitunga sheria yake ya ajira mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, ikiweka asilimia 2 kwa waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi. Sheria ya mwaka 2010 iliweka wafanyakazi 20 na asilimia 3, vipimo vilevile vya Uingereza ya 1944. Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6, na ni mpaka wafike 34 ndipo hesabu humpata mtu mmoja kamili. Mwajiri asiye na nia hujificha nyuma ya desimali hiyo.

Lakini namba hiyo sasa ina mwenzake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unadai marekebisho stahiki, yaani kubadili mazingira na zana za kazi bila kumtwika mwajiri mzigo uliopita kiasi: meza iinuliwe ili kiti cha magurudumu kiingie chini yake, au mkalimani wa lugha ya alama awepo kikaoni. Uingereza ilihesabu watu kwa nusu karne kabla ya kumlazimisha mwajiri aguse meza, na wajibu huo ulipokuja mwaka 1995, mgao uliondolewa. Tanzania inavyo vyote viwili kwa wakati mmoja, na kuvitekeleza kwa pamoja ndilo deni lake.