Kesi ya Kufuru, Kutoka Yerusalemu Hadi Nyundo

Aprili 24, 2019, siku tatu baada ya Pasaka, Mahakama ya Juu ya Rwanda ilifuta Kifungu cha 154 cha sheria ya makosa ya jinai ya 2018. Kifungu hicho kilimtishia jela yeyote aliyekashifu hadharani ibada, alama au vyombo vya dini. Waandishi wa habari walishangilia zaidi kufutwa kwa kifungu kingine, kilichokataza kuwadhihaki viongozi kwa michoro na maandishi. Hiki cha dini kilipita kimyakimya, hata Gisenyi, mji wenye sababu nyingi za kukitafakari.

Kesi ya kufuru inayojulikana kuliko zote husomwa makanisani kila Ijumaa Kuu. Mambo ya Walawi 24 inaagiza mkufuru apigwe mawe, na Stefano aliuawa hivyo. Yesu hakuuawa hivyo. Marko anasimulia kwamba mashahidi walipingana, kuhani mkuu akamhoji mshtakiwa mwenyewe, kisha akararua mavazi yake. Lakini mbele ya Pilato shtaka liligeuka: kufuru haikumhusu Mrumi, ufalme ulimhusu. Msalaba ulikuwa adhabu ya Roma. Madhabahu ilishtaki, dola ikahukumu.

Mwendo huohuo ulionekana Rwanda.

Wamisionari wa Afrika walifungua misheni ya Nyundo, jirani na Gisenyi, mwaka 1901. Walikuta watu wakimheshimu Ryangombe, shujaa wao wa kale, kwa kubandwa, yaani ibada ya kuingizwa miongoni mwa wafuasi wake. Masimulizi yanasema mama yake alimsihi asiende kuwinda, asisikie. Nyati akamjeruhi, naye akafia chini ya umuko, mti wenye maua mekundu, akiwaachia Wanyarwanda wote ibada yake. Waliobandwa huenda kwake Karisimbi. Wasiobandwa huishia Nyiragongo, volkano ambayo wakazi wa Gisenyi huona mwanga wake usiku. Kifo, mti, wosia: ufanano na Injili uko wazi. Hata hivyo wamisionari waliiita ibada ya shetani, na aliyetaka ubatizo alilazimika kuikana.

Mwami Yuhi V Musinga, mfalme wa Rwanda, hakukubali kuikana. Mwaka 1917 watawala wa Kibelgiji walimlazimisha kutia sahihi amri ya uhuru wa dini, ikawa rahisi kwa watu wake kwenda misheni. Yeye uhuru huo haukumfaa kitu. Askofu Léon Classe alimshambulia magazetini na kuihimiza serikali imwondoe, na Novemba 12, 1931 ikamwondoa, ikimtuhumu kuwa kikwazo cha maendeleo. Tuhuma hizo zilikuwa za utawala, lakini kukataa ubatizo kulizidi yote. Alipelekwa Kamembe, mwisho wa kusini wa Ziwa Kivu, lilelile la Gisenyi, kisha Moba, Kongo, alikofia mwaka 1944. Mwanawe Rudahigwa aliyemrithi alibatizwa mwaka 1943, na miaka mitatu baadaye akaiweka nchi chini ya Kristo Mfalme.

Jibu bora kwa dhuluma hiyo lilitoka Nyundo penyewe. Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu Juni 1, 1952, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika makoloni ya Ubelgiji, alikusanya methali, hadithi, miiko na mila za wazee, kubandwa kukiwamo, akayachapisha kwa Kinyarwanda. Askofu Mkatoliki aliandika kwa makini mambo ambayo watangulizi wake waliyalaani. Ni aibu kwamba vitabu hivyo havina nafasi kubwa zaidi mashuleni, hasa hapa Rubavu, wilaya ya Gisenyi.

Baadaye sheria ziligeukia wahubiri: nyingine ya 2018 ilidai viongozi wa dini wenye usimamizi wawe na shahada ya elimu ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha elimu ya dini, na mwaka 2024 maelfu ya makanisa yalifungwa kwa kukosa masharti. Kuhusu Kifungu cha 154, swali moja lilistahili kuulizwa mahakamani: je, vyombo vya kubandwa navyo vilikuwa vya dini?